Haddow, munganga mwenye alihesabu mbu saa kwa saa

Huku kwetu Kambove kila nyumba inajua maana ya posti. Baba mmoja anarudi asubuhi, macho mekundu, wakati watoto wanavaa kwa kwenda ku masomo. Mwingine anatoka jioni wakati jirani yake anakula. Kazi haisimame, na mwenye hakufanya posti ya usiku hawezi kujua vizuri mambo yenye yanatokeaga usiku.

Kulikuwa munganga mmoja mwenye alipanga kazi yake vile vile: saa 24, posti kwa posti, mchana na usiku. Lakini yeye hakutafuta shaba wala kobalti. Alitafuta mbu. Alitaka kujua ni mbu gani anauma, anauma nani, saa gani, na ku urefu gani kutoka chini. Jina lake Alexander John Haddow. Alifanya kazi Uganda, na sehemu kubwa ya kazi ile ilikuwa karibu sana na mpaka wa Kongo yetu. Amekufa zamani, mwaka 1978, lakini mambo aliyoyafungua yanatugusa paka leo.

Mtoto wa Glasgow

Haddow alizaliwa mwaka 1912 ku Glasgow, mji mkubwa wa viwanda na meli mu inchi ya Scotland. Alisoma kwanza mambo ya wanyama na wadudu. Kisha, ku université ile ile ya Glasgow, akasoma tena uganga, akamaliza mwaka 1938. Kwa hiyo alikuwa na macho mawili: jicho la munganga mwenye anaangalia mgonjwa, na jicho la mtu wa wadudu mwenye anaangalia kile kilichomuuma mgonjwa. Watu wenye kuwa na macho yote mawili hawakuwa wengi.

Wakati wa vita ya pili ya dunia alifika Kenya, mu mji wa Kisumu, ku pwani ya ziwa Victoria. Pale alianza na kitu kidogo: mbu wa mu nyumba za wanakijiji. Aliandika ni mbu gani wanalala mu nyumba za udongo na majani, na ginsi joto na unyevu wa ndani vinabadilika. Wengine wangeona ni kazi ya bure. Lakini kuanzia pale akajifunza neno moja lenye hakuliacha tena: mbu si kitu kimoja. Kuko mbu wa nyumba na mbu wa msitu. Kuko wa mchana na wa usiku. Kuko wenye wanapenda damu ya mtu, na wenye hata ukikaa mbele yao hawakugusi. Tena ni jike tu anauma, juu anahitaji damu kwa kufanya mayai.

Mwaka 1942 akaingia ku labo ya Entebbe.

Swali la msitu

Labo ya Entebbe ilifunguliwa mwaka 1936 na shirika la Rockefeller la Marekani pamoja na serikali ya Uganda. Kazi yake ilikuwa ugonjwa mmoja: homa ya manjano, ile wanaita ku lopitali fièvre jaune.

Homa hii inaletwa na virusi, kitu kidogo sana chenye hakionekani hata mu mikroskopi ya kawaida. Inaanza sawa malaria: joto la mwili, kichwa, mgongo, kutapika. Wengi wanapona. Lakini kwa wengine, kisha siku chache, inarudi na nguvu: macho yanakuwa manjano, damu inatoka mu kinywa na mu pua, mafigo yanaharibika. Kati ya wenye wanafika pale, karibu nusu wanakufa. Dawa ya kuua virusi ile haiko. Chanjo njo iko: iligunduliwa mwaka 1937 na munganga Max Theiler, na mwaka 1951 akapewa zawadi ya Nobel juu ya kazi ile.

Wakati ule wakubwa walikuwa na woga. Ndege zilianza kuruka kutoka Afrika kwenda Asia. Kama mgonjwa mmoja ao mbu mmoja angefika India, mahali mbu ni wengi na watu hawajapata ugonjwa ule hata siku moja, nani angehesabu wafu?

Tangu mwaka 1900 ilijulikana kama mu miji homa ya manjano inapelekwa na mbu mmoja, Aedes aegypti, mbu wa mapipa na mitungi ya maji. Mji wa Havana, ku Cuba, ulisafishwa kwa kumpiga vita mbu ule. Basi watu walifikiri shauri limekwisha: ukiondoa mbu wa mapipa, ugonjwa unakufa.

Lakini mu vijiji vya Afrika ya katikati kulikuwa kitu cha kushangaza. Waganga walichukua damu ya watu wazima, wakachanganya maji ya damu ile na virusi, wakaingiza mu panya. Kama mtu hakupata homa ya manjano zamani, panya anakufa. Kama aliipata akapona, damu yake inamlinda panya. Na panya wengi walibaki wazima. Maana yake, watu wa vijiji vile walipitia mu homa ya manjano, hata kama hakuna mtu alikumbuka kipindi cha vifo vingi. Mahali pengine hata mbu wa mapipa alikuwa haba sana. Sasa homa ilitoka wapi? Ilijificha kwa nani?

Mahali pa swali lile palikuwa Bwamba. Bwamba iko mangaribi ya milima ya Rwenzori, chini mu bonde la mto Semliki. Ng'ambo ya mto ni Kongo, na msitu ni ule ule mkubwa wenye unaingia mpaka Ituri. Mwaka 1941 wachunguzi walipata virusi vya homa ya manjano mu damu ya mgonjwa wa kule. Njo pale Haddow alitumwa.

Posti ya saa 24

Angefanya nini? Wengi wangetembea mu msitu mchana, wakakamata mbu wachache, wakarudi kulala. Haddow aliona kama kazi ya vile ingeleta uongo. Mbu mwenye anauma jioni hautamwona saa ya mchana. Mbu mwenye anaishi juu ya miti hautamwona ukisimama chini.

Basi akapanga kazi kwa posti. Mu msitu wa Mongiro, kule Bwamba, walijenga vitanda vya mbao juu ya miti, ku urefu mbalimbali, mpaka pale majani ya juu yanafunga mbingu. Ku kila kitanda vijana wa Uganda walikaa, miguu wazi, na tyubu ya kioo mu mkono. Mbu akitua ku mguu, wanamfunika mbele ya kuuma, wanaziba, wanaandika saa. Wengine walikaa chini, wengine mu shamba la ndizi, wengine karibu na nyumba, wote wakati ule ule. Saa zikifika, kundi lingine linapanda, la kwanza linashuka kupumzika. Jua, mvua, giza, kazi haisimame mpaka saa 24 zitimie. Kisha wanaanza tena siku ingine, mara nyingi sana, mpaka hesabu iwe na uzito.

Tuseme wazi: chambo ilikuwa mtu. Wale vijana njo walitoa ngozi yao ili ijulikane mbu gani anapenda ngozi ya mtu. Mu kazi ile mbu mmoja wa malaria akipita mbele ya tyubu, ni wewe unalala na homa. Dunia inakumbuka jina la Haddow. Majina ya wenye walikaa juu ya miti usiku kucha hayajulikani sana. Wachimbaji watafahamu neno hili bila kuelezwa.

Hesabu za vitabu vile zilionyesha kitu chenye hakuna mtu alikiona mbele. Mbu mmoja wa msitu, Aedes africanus, chini hakuonekani sana. Lakini juu, mu majani ya mwisho, jua likizama tu, anatoka kwa wingi. Saa moja hivi ya nguvu, kisha anapunguka. Ungekaa chini mwaka mzima, ungesema ni mbu haba asiye na maana.

Njia ya homa

Sasa nani yuko juu ya miti ile jioni? Kima. Haddow aliwafuata nao: wanakula wapi, wanatembea namna gani, wanalala wapi. Kima wanapanda kulala juu wakati jua linazama, paka saa ile ile mbu wa juu wanatoka. Tena damu ya kima wengi wa msitu ilionyesha kama walipitia mu homa ya manjano. Kima wetu wa Afrika mara nyingi hawafi nayo. Wanabeba virusi siku chache mu damu, kisha wanapona. Lakini siku zile chache zinatosha kwa mbu kuchukua.

Hivi msitu ulikuwa na ugonjwa wake wenyewe, kima kwa mbu, mbu kwa kima, juu kabisa, bila mtu hata mmoja. Ilibaki kujua mlango wenye homa inatokea kuja kwa watu.

Mlango ulikuwa shamba la ndizi. Kuko kima wenye tabia ya wizi, sawa yule wa mkia mwekundu: mchana wanatoka mu msitu, wanaingia mu shamba kula ndizi za watu. Na mu shamba kuko mbu mwingine, wakati ule walimwita Aedes simpsoni. Huyu hahitaji mto wala dimbwi. Anazaa mayai mu maji madogo yenye yanabaki pale jani la ndizi linashikana na shina, ao mu majani ya nanasi. Anauma mchana. Kima mgonjwa akija kuiba, mbu wa shamba anamuuma. Kisha siku kadhaa mama anakuja kulima ao kukata ndizi, mbu ule ule anamuuma yeye. Virusi vimevuka.

Haddow na wenzake, Smithburn, Mahaffy, Lumsden na wengine, hawakusema hivi kwa kufikiri tu. Virusi vyenyewe walivipata mu mbu wa Bwamba, na mwaka 1946 wakaandika juu ya mbu wa shamba. Mwaka 1949 wakaandika juu ya mlipuko mwenye mbu wa juu, africanus, alikuwa mbebaji mkubwa.

Ndugu msomaji, angalia faida ya jambo hili. Kama haujui njia ya ugonjwa, unatafuta mwenye kosa. Unasema ni jirani amekuroga, ni mgeni ameleta, ni kabila fulani haliogi. Haddow alionyesha kama mama wa Bwamba hakukosa kitu. Alienda ku shamba lake tu. Kosa lilikuwa ku makutano ya vitu vitatu: kima, ndizi, na maji ya kikombe kimoja mu jani. Tena alionyesha kama homa hii haiwezi kufutwa duniani, juu mtu hawezi kuchanja kima wote wa msitu. Kwa hiyo chanjo ya watu haitakwisha kazi. Miaka ya 1960 mpaka 1962 Ethiopia ilipata mlipuko mkubwa wenye inakadiriwa uliua watu 30,000, mbali na miji, mahali mbu wa ndizi na wa msitu walifanya kazi yao.

Kima namba 766

Entebbe iko karibu na msitu mdogo unaoitwa Zika, ku pwani ya ziwa Victoria. Wachunguzi waliweka pale kima wa kutoka Asia mu vizimba juu ya miti, sawa walinzi. Kila siku walipima joto lao. Kima akipata homa, wanachukua damu kutafuta homa ya manjano.

Mu mwezi wa 4 mwaka 1947, kima namba 766 akapata joto. Damu yake ilikuwa na virusi, lakini si vya homa ya manjano. Ni virusi vyenye hakuna mtu alivijua. Januari 1948 virusi vile vile vikapatikana mu mbu africanus wa msitu ule. Wakaviita kwa jina la msitu: Zika. Mwaka 1952 George Dick, Stuart Kitchen na Haddow wakaandika habari zake. Hakuna mtu alionekana kufa nayo, dunia ikapita mbele.

Haddow hakuona mwisho wa habari ile. Mwaka 2007 Zika ililipuka ku kisiwa cha Yap, mu bahari ya Pasifiki. Mwaka 2015 ikawa Brazil, na watoto walizaliwa na vichwa vidogo juu mama zao waliumwa na mbu wakati wa mimba. Februari 2016 shirika la afya la dunia, OMS, likatangaza hali ya hatari ya dunia nzima. Waganga walipotafuta mwanzo, walirudi ku karatasi za Entebbe. Kazi yenye ilionekana bure miaka 60 njo ilikuwa msingi.

Mkubwa wa labo, na homa zingine

Mwaka 1953 Haddow akawa mkubwa wa labo yote. Hakuacha msitu. Walisimamisha mnara wa chuma wa futi 120, karibu mita 36, kwanza mu msitu wa Mpanga, kisha wakauhamisha Zika. Sisi tunajua mnara wa kushusha watu chini. Ule ulikuwa wa kupandisha watu, mpaka wapite vichwa vya miti, na kila ngazi na wakamataji wake.

Wakati wake homa mpya zilikuja moja kwa moja. Chikungunya ilikuwa imeonekana mwaka 1952 ku Makonde, kusini ya Tanzania. Mwaka 1959 homa yenye kuvunja viungo ilitoka kaskazini ya Uganda. Waacholi waliiita o'nyong-nyong, na ikashika watu karibu milioni 2 mu inchi za huku. Haddow na wenzake waliifuata, wakaandika juu yake mwaka 1960. Mbebaji wake alikuwa mbu wa malaria, jambo lenye halikutazamiwa.

Na kupe? Mwaka 1956, ku Stanleyville, leo Kisangani, munganga Courtois alipata virusi mu damu ya mtoto mwenye homa. Vilipelekwa Entebbe kuchunguzwa, na mwaka 1967 vikaandikwa kwa jina la Kongo. Kisha ikaonekana ni vile vile vyenye viliua askari ku Crimea mwaka 1944. Leo inaitwa homa ya Crimée-Congo. Inapelekwa na kupe wa ng'ombe na mbuzi, hapana kimputu ya mu nyumba. Inaingia tena kwa damu ya mnyama wakati wa kuchinja, na kwa damu ya mgonjwa wakati wa kumuuguza.

Haddow aliacha labo mwaka 1965, akarudi Glasgow kufundisha ku université. Alipenda sana zumari ya mfuko ya watu wa kwao, na kitabu chake juu ya muziki ule kilitoka kisha kifo chake. Mtu mwenye alisikiliza msitu saa kwa saa, si ajabu alipenda muziki.

Na sisi huku?

Mwaka 2016, mwaka ule ule wa Zika, homa ya manjano ilivuka kutoka Angola ikaingia Kongo. Kinshasa nzima ilitetemeka. Chanjo haikutosha, wakagawa dozi moja mara tano, na mu mwezi wa 8 watu zaidi ya milioni 7 wakachanjwa. Mu mji hakuna kima. Hatari ya mu mji ni mbu wa mapipa, Aedes aegypti.

Mbu ule anazaa mu maji safi yenye imesimama: pipa ku mlango, bido iliyokatwa, pneu ya zamani nyuma ya nyumba, kopo tupu. Anauma mchana. Moustiquaire ni nzuri sana juu ya malaria ya usiku, lakini mtoto mwenye anacheza nje mchana haimulinde. Tena baba wa posti ya usiku analala mchana: avute moustiquaire hata jua likiwa kali. Sisi Kambove tunaweka maji juu robine haitoki kila siku, hiyo haina kosa. Lakini pipa lifunikwe vizuri, lisuguliwe ndani kila juma, juu mayai yanashikana ku ukuta wa pipa. Pneu ya nje itobolewe ao ifunikwe.

Chanjo ya homa ya manjano ni sindano moja, na inalinda maisha yote. Kwa watoto wadogo inatolewa pamoja na chanjo zingine ku santé. Mama, angalia kadi. Kama sehemu ile ni tupu, uliza. Na mwenye atachinja mbuzi ku sikukuu, aangalie kupe wa ngozi, asiwafinye na vidole, na afunike vidonda vya mikono.

Haddow hakugundua dawa hata moja. Alionyesha njia za homa, pamoja na vijana wenye walikaa juu ya miti, tyubu mu mkono, wakingoja posti iishe.